Jina la Pili kwenye Orodha

Jumatatu, 23 Februari 2026. Asubuhi hii kuna ukungu, mlima hauonekani.

Mwanangu Lilian, huko Moshono,

Huku tu wazima. Migomba imestawi, na ng'ombe amezaa ndama jike. Kanisani tumeshatandika vitambaa vya zambarau vya Kwaresima.

Jana baada ya ibada mchungaji alituonyesha wazee wa kanisa orodha ya wanaoomba kurudi kundini kabla ya Pasaka. Jina lako lilikuwa la kwanza. Ni mimi niliyepeleka habari za mimba yako mpaka ukatengwa. Nikachukua kalamu, nikaandika jina langu chini ya lako.

Mchungaji akacheka. "Mama Lilian, umekosea karatasi. Wewe umefanya nini?"

"Binti yangu amejifungua miezi mitano sasa," nikamjibu, "na sijampelekea hata bakuli la mtori."

Mama Simel, unaujua mdomo wake, aliyekuwa akifagia hapo kando, akasema, "Basi kiti chako cha uzee wa kanisa nitakikalia mimi."

Nikamwambia akikalie.

Jumapili ya Matawi wataitwa mbele wote walioandikwa. Hutasimama peke yako. Njoo na Nathanael, nasikia umempa jina la baba yako. Tutapokezana kumbeba.

Kila siku naandika kwenye daftari saa niliyolala. Tangu ulipoondoka imekuwa saa nane, saa tisa za usiku. Jana nililala saa tatu na nusu.

Mama yako