Mpingo wa Mbegu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Mapacha, ndivyo anavyojulikana. Umri: miaka 41. Kazi: kukereza mbao. Makazi: nyuma ya karakana ya mumewe, mtaa wa sokoni.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, nilikwenda kwenye msitu wa hifadhi nikiwa na kibali cha kuokota matawi makavu ya mpingo. Sisi tunakereza filimbi na vipini vya visu, kwa hiyo kipande kidogo kinatosha. Nilimkuta mlinzi wa msitu langoni, tukaingia pamoja.

Hatukufika mbali tukasikia mtu anaguna. Tulimkuta mkata magogo ambaye mtaani anaitwa Bonge, ingawa ni mwembamba, amelala chini, mguu umebanwa na gogo. Wenzake walishakimbia. Gogo lilikuwa la ule mpingo mkubwa wenye alama ya rangi nyeupe, unaotunzwa kwa ajili ya mbegu. Msumeno ulikuwa pembeni, meno yameisha.

Mlinzi aliutazama mti kwa muda. Kisha akaniambia, "Tangu niajiriwe nimewaaga mabosi wanne, na mti huu haujanenepa hata unene wa kidole."

Bonge akasema, "Kaka, nisamehe."

Mlinzi akajibu, "Tulia kwanza tukutoe. Kukukamata baadaye."

Tulijaribu kulinyanyua gogo, likagoma. Mpingo ni mzito, ukiutupa majini unazama kama jiwe. Mlinzi akaenda kuita watu. Nilibaki nimemshika Bonge kichwa. Ndipo akaniambia, "Shemeji, mpigie mumeo aje na gari. Si mzigo wake huu?"

Nikamuuliza, "Mzigo gani?"

Akasema, "Nilidhani unajua."

Hayo tuliyasikia sisi wawili tu. Sikupiga simu. Watu walikuja na mitaimbo wakamtoa, akapelekwa hospitali. Mguu umekatwa chini ya goti.

Jioni nilimuuliza mume wangu. Hakukataa. Alisema kuna mteja alitaka vipande vikubwa. Nikamwambia miche yote inayopandwa pale hutoka kwenye mti ule. Akasema, "Mke wangu, utaota mwingine." Nilimpakulia chakula. Mimi sikula.

Sijalazimishwa na mtu wala kuahidiwa chochote. Yule ni baba wa watoto wangu na sijamchoka. Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekiri ni sahihi. Mumewe, aliyemleta kwa pikipiki akidhani ameitwa kwa ajili ya ajali tu, alikuwa kwenye benchi la mapokezi. Shahidi alimwendea akamwambia, "Baba Mapacha, mimi nimemaliza. Ingia wewe sasa." Mume aliingia mwenyewe. Nilimwambia shahidi yuko huru kwenda nyumbani. Aliketi pale alipoinuka mumewe.