Sayari ya Nne na Mabati Yetu

Jumamosi. Mvua imeacha asubuhi, likatoka jua la kinafiki, lile linalokausha shati na kuacha ukuta umeloa. Nimeamka na roho nzito, nikafanya kama kawaida yangu: nimesoma habari za mbali.

Kuna nyota ndogo nyekundu, kibete, inaitwa TRAPPIST-1. Walioigundua ni Wabelgiji, na jina linakumbusha bia yao ya watawa, kwa hiyo sisi wanywaji wa Bujumbura tungepaswa kuielewa haraka. Inazungukwa na sayari saba, zote zikikaribia ukubwa wa dunia yetu. Nimezifuata kwa miaka, kwenye simu, mega za intaneti zikiruhusu. Shule ya mambo haya sina. Nilitaka tu kusikia kwamba mahali fulani panakalika.

Habari si nzuri. Kibete hicho kina hasira, kinatema moto, na sayari zilizo karibu nacho hazionyeshi dalili ya hewa nzito. Huenda zilivuliwa hewa yao zamani. Sayari bila hewa ni nyumba bila paa: kuta zipo, hapakaliki. Ya nne, iliyo kwenye umbali mzuri, ambako maji yangeweza kutulia, wataalamu bado hawajui kama ina hewa.

Bado hawajui. Nimeishi ndani ya maneno hayo tangu ziwa lipande na kuingia mtaani kwetu.

Maana hapa Kibenga maji hayatafutwi. Yalikuwa uani, leo yameingia jikoni. Mke wangu, Jeanine, alishapanda Gihosha, mlimani, na watoto, kwa dada yake. Ameniomba kitu kimoja: ning'oe mabati ya paa na milango ikiwa bado mizima, tukaanze kujenga huko juu. Waliohama mtaani wote wamefanya hivyo. Waliochelewa, kuta zilianguka na kila kitu.

Mimi nasema tungoje, ziwa linaweza kurudi nyuma. Nasema hivyo kwa sauti ya mtaalamu.

Mchana Jeanine amepiga simu, nikamweleza ile sayari ya nne. Akaniita kwa jina la mtoto wetu:

"Papa Kelly, we unatafuta maji kule mbali, na hapa iko mu salon."

"Mu salon apana. Iko mu jikoni tu," nikamjibu, maana sebuleni hayajafika.

"Basi kaa nayo. Lakini mabati ni ya batoto."

Jirani yangu Salvator alikuwa juu ya paa lake, anang'oa bati za mwisho, amesikia yote, maana simu niliiweka kwenye spika. "Mwache angoje," akasema kwa sauti ili Jeanine asikie, "samaki zimupigie hodi."

Ukweli ni kwamba maji siyaogopi. Naogopa ile bati ya kwanza. Nikishaing'oa, atakayekuwa ameivua nyumba yangu ni mimi, si ziwa.

Jioni nimekwenda kwa Salvator kuazima nyundo ya kung'olea misumari. Amenipa bila utani wowote, na hapo ndipo nimeumia.

Kesho nikitoka misa nitapanda juu ya paa. Kilichobaki ni kujua nianzie wapi: juu ya chumba chetu, au cha watoto?