Ghorofa ya Nne, Lifti Hakuna

Jumatatu, 5 Mei. Bertrams
Nashona sare za kwaya ya Wakongo tangu asubuhi. Mgongo unauma. Mchana nimekwenda kutafuta uzi. Taksi zikaona kiti changu cha magurudumu, zikapita. Eish. Nimezoea.
Alhamisi naruka kwenda Brussels. Rehema, mwanangu, kajifungua binti, na arobaini namlea mimi. Ulaya kiti kitapita kila mahali. Sijauliza hata. Kuuliza ni ushamba.

Jumanne, 6 Mei
Simu ya video. Nilikuwa namkanya Rehema asitoke nje kabla ya arobaini, hata mlangoni. Mumewe Salimu akaingia na mifuko ya sokoni, anahema kama kakimbizwa. Ana nini? Rehema akamwinamia mtoto. Halafu: ghorofa ya nne, mama, lifti hakuna.
Jamani! Miaka yote picha za bustani, picha za majengo ya vioo. Ngazi za kwake sijawahi kuonyeshwa. Kaona haya kuniambia anakaa darini.
Nimemkatia simu.

Jumatano, 7 Mei
Siendi.
Mama Furaha, jirani yangu msusi, kacheka. "Mama, mukwe yako iko na nguvu, atakubeba tu."
Yarabi! Mkwe! Mtu ambaye hata meza moja sijawahi kukaa naye. Nimlalie mgongoni? Bora nilale barazani.
Lakini nani atamkanda mwanangu? Nani atamfunga tumbo? Salimu?
Mdalasini na pilipili manga za uji wa mzazi nimeshatia begini. Nina hasira mpaka kichwa kinagonga.

Ijumaa, 9 Mei. Brussels
Makubwa. Basi limeinama! Naapa. Limejishusha ubavu, likatoa ubao, nikapanda mwenyewe. Abiria hakuna aliyegeuka kunitazama. Nimelia kama mjinga.
Halafu mlango wa kwao. Ngazi nyembamba, zinajipinda, giza. Juu kichanga kinalia. Rehema akaita, mama, nashuka! Nikapiga kelele, usithubutu, nitakulaani!
Salimu akachuchumaa mbele yangu, kanipa mgongo. "Samahani, mama."
Nikajifunika mtandio uso mzima. Nikamshika mabega. Kila ghorofa kasema samahani. Nilikuwa nataka kufa.

Jumapili, 11 Mei
Mvua. Nimemkanda Rehema kwa maji ya moto, kapiga mayowe, kalala. Chumbani natembelea makalio. Kiti kiko chini, kimefungwa mnyororo pamoja na baiskeli za watu.
Salimu haniangalii, nami simwangalii. Anaacha chai mlangoni, anakohoa, anaondoka. Kijana mzuri.
Rehema kauliza kama bado nimekasirika. Ndiyo. Nimemwambia anihamishie mtoto mkono wa pili, huu umekufa ganzi.
Mpaka arobaini iishe hatoki mtu humu. Si mzazi, si mtoto, si mimi.