Mikono ya Rael

Mjukuu wangu Chebet,

Hapa Silibwet tuko salama. Ng'ombe amezaa ndama jike, na babu yako bado anagombana na redio. Umeuliza kwa nini nilikukatia simu uliposema wagonjwa wa akili wa hospitali yenu hawajui wanalofanya.

Miaka ya tisini, nikiwa nesi wa wodi ya wagonjwa wa akili, tulikuwa na Rael, mchuma chai aliyekaa wodini miaka mingi bila kusema neno. Madaktari wakaja kujaribu dawa ya kuchangamsha wenye huzuni nzito. Hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Wiki ya pili ya dawa Rael akasimama kwenye fensi ya miti ya sipresi, akidonoa ncha za majani kwa mikono miwili na kuzirusha nyuma ya bega. Daktari akaandika, "Mikono haitulii, dawa imemdhuru," akaisimamisha.

Mjinga yule! Mtoto yeyote wa huku angeona Rael anachuma chai, anajaza kikapu mgongoni. Alikuwa amerudi kazini! Nami nilijua, nikanyamaza, eti nesi hamsahihishi daktari.

Wiki iliyofuata alikaa kitandani, mikono imelala mapajani. Faili ikaandikwa, "Ametulia."

Mimi kogo, nyanya yako, sijatulia mpaka leo.