Sauti ya Bibi Yako

Mjukuu wangu, mpinzani wangu,

Kosa la wengi ni kuweka nakala ya mafaili kwenye flashi, kisha kuiacha imechomekwa kwenye kompyuta ileile. Nami nilifanya hivyo.

Mimi sijambo, paa halivuji tena. Ila Jumanne nilifungua barua pepe iliyodai nina mzigo posta. Virusi vikafunga mafaili yote, hata ya kwenye flashi. Fundi akasema, "Mzee, hapa hakuna kitu tena."

Imepotea sauti ya marehemu bibi yako akikuita: "Mume wangu mdogo, njoo ule, huyu mzee atakula makombo!" Nakala pekee iliyobaki ni ile niliyokutumia wewe.

Leo hii inakili kwenye flashi, uichomoe, uifungie kabatini.

Babu yako