Mkono wa Hyacinthe Juu ya Kapo

OFISI YA POLISI, UVIRA
Maelezo ya shahidi kuhusu kifo cha Hyacinthe Kabeza
Tarehe 16, mwezi wa tano, 2024

Jina: Ciza Frédéric
Umri: miaka 68
Kazi: dereva mstaafu wa taxi-bus, laini ya Uvira–Kiringye
Makao: Kilibula, Uvira

Naulizwa kama naelewa kwamba lazima niseme kweli. Naelewa. Nimeendesha gari barabara ya Ruzizi wakati wa mvua na wakati wa vita, siwezi kuzeekea hapa nikiogopa kalamu.

Kwanza mwandike jambo hili, la sivyo hamtaelewa lolote. Sisi madereva hatukuwahi kupata pensheni ya serikali. Tulijiwekea yetu. Safari ya kwanza ya asubuhi ni ya mstaafu mmoja, kwa zamu, na nauli yake ndiyo inayomlisha. Akifa, zamu inakwenda kwa mjane. Lakini siku yake mstaafu lazima afike parking mwenyewe, aweke mkono juu ya kapo, kile kifuniko cha injini pale mbele, asiutoe mpaka gari lijae abiria. Akiutoa, safari inarudi kwa dereva, na zamu yake imekufa. Zamu iliyokufa mjane hairithi. Tuliweka sheria hiyo kwa sababu kuna watu walikuwa wanakula safari za marehemu.

Wiki iliyopita rais wa chama chetu, Jean-Marie, alitusomea mabadiliko. Huyo mimi ndiye niliyemfundisha usukani, na mpaka leo hajui kurudi nyuma. Alisema safari ya wazee imefutwa. Sasa kila dereva atachangia kese, yaani mfuko wa pensheni, na sisi tuliokwisha kustaafu tungoje kese ijae. Hyacinthe alimuuliza tungoje tukila nini. Mimi sikatai kese, vijana nao watazeeka. Nilikataa kufutwa nikiwa bado napumua.

Mnamo tarehe 14, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa parking pamoja na wazee wengine. Zamu ilikuwa ya Hyacinthe. Gari la kwanza lilikuwa la Thierry, kijana mrefu wa kikundi cha Jean-Marie. Hyacinthe alifika, akasalimia watu, akaweka mkono wa kuume juu ya kapo. Ndani kulikuwa na akina mama wachache tu wenye vikapu vya ndagala.

Thierry alimwambia, "Mzee, toa mukono. Ile mambo ilishaisha."

Hyacinthe akajibu, "Minye sitoi. Leo iko zamu yangu."

Vijana walianza kututupia mawe. Mzee mmoja alipasuka mdomo, mwingine alikanyagwa tumboni. Thierry alichukua chuma cha kufungulia magurudumu, akakishusha juu ya vidole vya Hyacinthe. Nilisikia mifupa. Hyacinthe aliweka kwanza mkono wa kushoto juu ya kapo, ndipo akauondoa ule uliovunjika.

Naulizwa kwa nini hakukimbia. Komanda, angekimbilia wapi? Alikuwa na mke nyumbani.

Muuza ndagala mmoja, Libérate, ndiye aliyeelewa upesi kuliko sisi wanaume wote. Alitoa kichwa dirishani akaita wenzake, "Ingieni! Gari ijae, mzee atoe mukono!" Akina mama waliingia kwa mlango na kwa madirisha, na samaki wao wakamwagika chini. Sijawahi kuona taxi-bus ikijaa namna ile. Ilibaki nafasi moja.

Hapo Thierry alimpiga Hyacinthe kichwani, mara mbili. Damu ilinirukia machoni. Alikuwa anaanguka, na mkono ukaanza kuteleza. Nilimshika kiuno kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine nikafunika mkono wake, nikaubana pale pale kwenye kapo. Thierry aliniambia niachie. Nilimtukana mama yake, na hilo mliandike pia. Akanipiga juu ya mkono. Sikuachia. Alipoinua chuma tena, mama wa mwisho alikuwa amekwisha kukaa, na Libérate akapiga bati kutoka ndani: imejaa.

Tulianguka chini pamoja, mimi na Hyacinthe. Thierry alitupa chuma akakimbilia upande wa soko. Dereva mwingine alipeleka gari Kiringye. Sisi tulimpakia Hyacinthe juu ya pikipiki, nikakaa nyuma nikimkumbatia. Alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Jana Jean-Marie alifika kwenye matanga, akamwambia mjane Félicité mbele ya watu kwamba hata kwa sheria yetu ya zamani hana kitu, marehemu alikuwa amekwisha kufa gari likijaa. Kwamba ule ulikuwa mkono wa maiti, kwa hiyo safari si yake na zamu imekufa naye.

Ni uongo. Mkono wake ulikuwa chini ya wangu. Wakati Libérate anapiga bati, vidole vyake vilinishika, vikanibana kwa nguvu. Maiti haimbani mtu.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyashika, na sina la kupunguza.

(Dole gumba la kushoto la Ciza Frédéric)

Nota ya ofisa: Maelezo yamesomwa mbele ya shahidi kwa Kiswahili. Mkono wake wa kuume umefungwa plasta. Thierry bado anatafutwa. Nilimweleza shahidi kwamba polisi wanachunguza kifo, si safari. Alikataa kuweka dole mpaka niandike kwamba gari lilijaa Hyacinthe Kabeza akiwa hai. Nimeandika.

OPJ Arakaza Dorine