Picha ya Mama Iskaniwe Upya

Mdogo wangu,

Nimetoka mapema. Chai ya Baba iko kwenye chupa. Saa sita mtie dawa ya macho, matone mawili kila jicho.

Picha ya marehemu mama imo kwenye bahasha hii. ~~Mpelekee fundi wa studio.~~ Hapana, iskani mwenyewe ofisini kwenu, na ufute kioo cha skana kwanza. Usiweke tena nukta mia tatu kwa inchi. Hizo zinatosha kuchapa picha ndogo kama ilivyo. Sisi tunaikuza mara nane, kwa hiyo weka elfu mbili na mia nne. Mara ile nilikuomba uulize kiwango, ukanijibu, “Dada, picha ni picha.”

Basi asubuhi nimempa Baba ile kubwa, studio walioichapa kutokana na skani yako. Akaisogeza dirishani mpaka ikamgusa pua, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, huyu ni nani?” Uso wote ulikuwa ukungu mtupu. Nilishindwa kumwambia ni mama. Nikasema studio wamekosea, wametupatia picha ya watu wengine. Akacheka kidogo, akasema atasubiri.

Daktari anasema macho yale hayamalizi mwezi. Ifanye leo.

Dada yako